Kwa Amoit, Aliyeifundisha Mashine Maneno

Malaba, Jumapili jioni

Amoit wangu,

Inasoma. Naanza na hilo kwa sababu najua ungeniuliza hilo hata kabla ya salamu. Kompaila yetu inaisoma programu kutoka juu hadi chini, inaielewa, kisha inaigeuza kuwa lugha ya mashine. Juma lililopita niliionyesha chuoni. Nilisimama mbele peke yangu, na kila niliposema "sisi" mhadhiri alikuwa anainamisha macho.

Nakuandikia kutoka ofisi ya mjomba wangu, anayewatolea watu mizigo forodhani. Meza ni ile ile. Malori yamefunga barabara hadi huko chini. Kiti chako mjomba alitaka kukihamisha, nikamwomba akiache kwanza.

Unakumbuka mgomo ulipozuka, chuo kikafungwa, tukarudishwa nyumbani na mabegi? Mimi kwetu Bukhayo, upande wa Busia, wewe hapa Malaba kwa mama yako, anayewapikia madereva. Baada ya siku chache tu ukanifuata mpaka nyumbani. "Nabwire, tusikae bure," ulisema. "Tuandike lugha yetu." Lugha ya kompyuta ambayo maagizo yake ni ya Kiswahili: kama, sivyo, rudia, andika. Mjomba akakubali tutumie kompyuta yake Jumapili, mradi tusiguse diski zake.

Tukagawana. Wewe ulichukua maneno: sehemu yako isome herufi moja moja, iruke nafasi, ikate na kusema hii ni namba, hili ni jina, hili ni agizo. Mimi nikachukua sentensi: niyapokee maneno uliyokata na kuangalia kama yamepangika kisarufi. Ulisema maneno ni kazi yako ya tangu utotoni. Dereva anaanza sentensi kwa Kiswahili, anaimaliza kwa Luganda, na wewe ujue kama ni chai au ni matoke kabla hajakasirika.

Siku ya "kamati" bado inanichekesha. Hilo lilikuwa jina tu tulilochagua la kuwekea hesabu, lakini mashine ikaona "kama" ndani yake, ikakata hapo hapo, ikabaki na "ti" isiyojua iipeleke wapi. Ulicheka mpaka ukashika meza. "Haraka zake ni za dereva aliyeona geti limefunguliwa!" Kisha ukatulia, ukairekebisha. Isikate upesi. Iendelee kusoma mpaka neno liishe, ichukue refu kabisa linalowezekana, ndipo ijiulize kama ni agizo au ni jina. Nilikuangalia ukiandika nikafikiri, huyu nitafanya naye kazi mpaka tuzeeke.

Jumapili iliyofuata hukuja. Nilidhani mama amekubakiza jikoni kwa sababu ya wingi wa malori. Kumbe malaria ilikuwa imekupanda kichwani. Nilipofika hospitali nilikuita, ukaniangalia kama unayetafuta jina langu mahali na hulioni.

Tulikuzika Chakol, kwa babu yako. Mvua ilikuwa imenyesha. Siwezi kuandika zaidi ya hapo.

Chuo kilipofunguliwa, mhadhiri aliniita akaniambia kwa upole kwamba naweza kuchagua kazi nyingine, ndogo, ya mtu mmoja. Nikamwambia nitafikiria. Nilirudi chumbani kwetu bwenini nikakaa kwenye kitanda chako, godoro limeshaondolewa, ni waya tupu. Nikaona kwamba nikiiacha, maneno yako yatabaki kwenye diski yakikatwa vizuri bila wa kuyapokea. Nikarudi kwake siku hiyo hiyo nikamwambia hapana, naendelea.

Sentensi zilinitesa, rafiki yangu. Niliandika sheria kwamba hesabu ni hesabu nyingine, ikifuatwa na alama ya kujumlisha, halafu namba. Kwenye karatasi ilikuwa sawa kabisa. Lakini ili kusoma hesabu, mashine ilianza kwa kutafuta hesabu, na ili kuipata hiyo ikatafuta nyingine tena, ikazidi kuzama mpaka nafasi ya kumbukumbu ikaisha na kioo kikaganda. Nikazima, nikawasha. Ikazama tena. Kuna Jumapili nilifunga ofisi ya mjomba, nikatembea hadi mpakani mwa Uganda nikasimama tu nikiangalia watu wanavuka, kwa sababu wewe ndiye ungeniambia, "Wacha kwanza, tukale."

Baadaye niliigeuza ile sheria. Anza na namba. Kisha, kila unapoona alama ya kujumlisha, chukua namba inayofuata, endelea hivyo. Kwa kuzidisha nikaweka sheria ya ndani zaidi, ili kukamilike kwanza. Nikaandika mbili jumlisha tatu mara nne. Ikaja kumi na nne. Si ishirini, Amoit. Kumi na nne!

Nikageuka kukuambia.

Mdomo ulikuwa umeshafunguka. Mjomba aliyekuwa mlangoni akaniuliza, "Unasema?" Nikamwambia hapana, sisemi kitu.

Ah, na jina la lugha yetu. Mimi nilitaka iitwe Busia, wewe Malaba, tukabishana kama wauza samaki. Inaitwa Malaba. Furahi sasa.

Leo mama yako alikuja hapa akitoka kanisani. Nilimsalimia "Yoga" kwa Kiteso changu kibovu, akanisahihisha. Akakaa kwenye kiti chako. "Mlikuwa mnafanya nini na hii kitu?" akauliza. "Mtoto alikuwa anarudi nyumbani anacheka peke yake."

Nilimweleza nilivyoweza. Nikamwambia abonyeze chochote mwenyewe. Akaogopa, halafu akabonyeza kwa kidole kimoja, akaangukia alama moja ya ajabu ambayo mimi sijawahi kuitumia. Nikaiambia mashine isome. Ikajibu, na maneno hayo nilikuwa sijawahi kuyaona:

"Boss, hii umetoa wapi? Hata Uganda hawaitumii. Angalia mstari wa kwanza."

Mama aliisoma polepole, kidole kikifuata kioo. "Nani aliiambia iseme hivyo?"

"Ni Amoit, mama."

Alicheka. Sijamsikia akicheka tangu Chakol. Kicheko kikageuka kilio, nikamshika mabega, naye akapangusa uso kwa kitambaa cha kichwa, akainua tena kile kidole. "Ngoja," akasema. "Wacha nibonyeze tena."

Akabonyeza, na mashine ikamjibu. Akaendelea kubonyeza mpaka jua likashuka, mimi nikiwa pembeni yake. Alipoinuka alinishukuru, "Eyalama, mwanangu," akaniomba Jumapili nyingine nimfungulie mlango.

Nitamfungulia. Na hili pia nakuahidi. Mhadhiri ameshauri majibu ya makosa yaandikwe kirasmi zaidi, nami nimemwambia nitafanya hivyo kwa upande wangu peke yake. Mtu akikosea neno, utamjibu wewe, kwa sauti yako hiyo hiyo. Akikosea sentensi, nitamjibu mimi.

Pumzika, Amoit. Mama tutakuwa naye.

Mimi wako,
Nabwire