Kamba ya Ng'ombe

Tosamaganga, 4 Novemba 1956

Wifi Ikupa,

Mimi sijambo, hofu ni kwenu huko. Ulinicheka nilipoanguka kwenye mazishi ya mume wangu, kaka yako, ukawaambia waombolezaji nimelewa. Sikulewa. Ni miguu ya uzee, na nilikuwa na uchungu. Sasa sista wa misheni anatuingiza bwawani wajane sita, maji kiunoni. Tunainua magoti, tunasimama mguu mmoja, tumeshika kamba iliyofungwa kwenye miti miwili. Siku hizi nabeba debe la maji kichwani, sipepesuki.

Wifi yako,
Paskalina

Mbeya, 2 Desemba 1956

Wifi,

Barua nimepata, nashukuru kusikia u mzima. Sisi tunaendelea na viazi. Nimecheka mpaka mbavu zimeuma. Vikongwe sita wanashikishwa kamba kama ng'ombe wa josho. Kaka angefufuka akakuona, angerudi kaburini mwenyewe.

Wifi yako,
Ikupa

Mbeya, 17 Februari 1957

Wifi yangu mpenzi,

Hujambo? Mimi si mzima. Nimeanguka mara tatu, moja mbele ya wakwe. Mwanangu Asukile anaoa baada ya Pasaka, nami nataka nimsindikize mpaka mbele ya kanisa kwa miguu yangu, nisibebwe kama gunia. Nieleze mlivyofanya majini. Nilikukosea, wifi. Yaliyopita si ndwele.

Wako,
Ikupa

Tosamaganga, 3 Machi 1957

Wifi,

Pole. Ingia mtoni kila asubuhi, maji kiunoni. Simama mguu mmoja, hesabu kumi, badili. Mvua isikutishe. Kamba usijisumbue nayo, hiyo ni ya ng'ombe, ulisema mwenyewe. Kuhusu msamaha, usiwe na wasiwasi.

Wifi yako,
Paskalina

Mbeya, 2 Aprili 1957

Mama Paskalina,

Shikamoo. Sisi wazima, ila mama hatunaye. Mto ulikuwa umejaa. Nilimfungia kamba kwa mikono yangu, akaikataa. Alisema wifi yake aliyepona ameandika haina kazi. Tulimzika Alhamisi. Barua yako tuliikuta chini ya mto wa kitanda chake. Alikuwa akisomewa kila jioni, akifurahi kwamba umemsamehe.

Harusi ni tarehe 27. Ukoo umekubaliana wewe ndiye utakayenishika mkono mpaka mbele ya kanisa, mahali pake. Tumesikia sasa huanguki.

Mwanao,
Asukile