Sasisho Lililozima Taa ya Mayu

Tampere, Ufini

Dada yangu Nkwimba,

Mwadila, dada. Hamjambo hapo Ngulyati? Pamba imeota vizuri, au mvua imewachezea tena? Mimi mwili ni mzima, roho ndiyo mgonjwa. Barua hii anaibeba Msukuma mwenzetu anayekuja Mwanza, na ndani ya bahasha kuna kadi ndogo kama ukucha. Usiipoteze.

Tangu uliponiambia kwamba Mayu ananililia kama maiti, chakula hakipiti. Mama yangu mzazi ananililia, na mimi nipo, natembea, naenda kazini!

Najua hujaelewa kilichotokea, maana kwenye simu nilikuwa nalia tu. Unakumbuka masikio ya Mayu yalipofunga kabisa, simu ikawa haina maana kwake, nikaja likizo nikafunga kile kidude nyuma ya kabati. Tangu hapo kila jioni nabonyeza simu yangu huku, taa ya chumbani kwake inazimika na kuwaka mara mbili. Naye anabonyeza kitufe cha kitandani, nami napata jibu. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu yote. Alikuwa anawaringia majirani kwamba mwanawe anamsalimia kwa umeme kutoka Ulaya.

Kidude kile ni kompyuta ndogo, na mfumo unaoiendesha unaitwa Linux. Toleo lake lilikuwa limezeeka, halipati tena marekebisho ya usalama, na mimi kwa kujifanya fundi nikaogopa wahuni wa mtandaoni wasije wakaichezea taa ya mama yangu. Nikaanza kuweka toleo jipya kutoka huku. Nyumba za watu wa huku nazifanyia hivyo hivyo, ndiyo kazi inayonilisha, na hakuna iliyowahi kunigomea. Ila huku mvua ikinyesha hakuna anayechomoa kitu ukutani. Kazi imefika katikati, mafaili ya zamani yamefutwa na mapya hayajakamilika, radi zikaanza kumulika huko kwetu. Mayu akafanya kama siku zote: akafunika kioo kwa kanga, akachomoa kila waya. Aliporudisha, kidude hakikuwaka tena hadi leo, na taa ilipoacha kumsalimia akaamini nimekufa. Simlaumu hata kidogo, ningekuwepo ningechomoa mwenyewe. Nilitakiwa nikuulize kwanza kama kuna wingu, basi.

Na ile siku ulipoazima simu kubwa ya yule mwalimu jirani ili anione! Mtandao ukaganda nikiwa nimefumba macho, mdomo wazi. Ukanisimulia alivyosema: "Ng'wana wane, mwanangu, ndiyo kalala hivyo. Msinidanganye na simu. Hata baba yenu alikuwa anacheka kwenye video, na tulikuwa tumeshamzika." Kisha akashusha godoro chini, akaanza matanga peke yake. Dada, nilicheka, halafu nikakaa kwenye ngazi za kazini nikalia mbele za watu. Likizo nimeomba, bosi amekataa mpaka baridi iishe.

Mfumo wote nimeuandika upya kwenye hiyo kadi. Chomoa kidude, toa kadi ya zamani ubavuni, ingiza hii maandishi yakitazama juu, kisha washa. Sina kidude kama hicho huku cha kujaribia, kwa hiyo sijui kama itakubali. Nimechoka kutumaini, nakuambia ukweli.

Nisalimie shemeji, nakumbuka kelele zake akiwa shambani. Mjomba Kwilasa anayetuchungia ng'ombe kule Kimali mwambie sijawasahau. Msalimie na katekista, mwambie asikubali kabisa kuongoza ibada ya marehemu, hata Mayu akimwomba.

Ila hata kadi ikikubali, dada, naogopa. Ulisema asubuhi akiwatambikia masamva, wale wetu waliotangulia, sasa na jina langu analitaja, mara tu baada ya la baba. Jioni taa ikimwashia na kumzimia, atabonyeza kitufe kama zamani, na jibu litanifikia huku. Lakini nitajuaje kama amemwitikia mwanawe, au ameitikia samva?

Ni mimi mdogo wako, niliye hai,

Shija