Fundi Saa na Ndege Iliyofunguliwa

4 Machi

Mwanangu,

Hujambo, na kazi haijambo? Mimi sijambo kuanzia miguuni hadi puani. Juu ya pua ndiko kwenye maneno. Daktari amesema mwanga wa macho yangu unaondoka, hauna dawa, na mwaka huu sitaumaliza nao. Saa ndogo za kike nimeacha kuzipokea. Skrubu zake sizioni tena.

Kwa hiyo tiketi uliyotuma nimeipokea kwa mikono miwili. Uliondoka hapa msichana; nataka nikuone ulivyo mtu mzima kabla giza halijaingia. Ila roho iko mkononi. Jirani yetu kinyozi anasema injini ikizimika ndege inaanguka kama tofali. Anasema mlevi mmoja akiamua, anafungua mlango huko huko juu. Anasema mabawa yanapinda. Nijibu kama fundi, usinijibu kama mtoto anayetaka baba yake aje.

Baba yako

15 Machi

Baba yangu,

Shikamoo. Nimesoma habari za macho, nikakaa chini ya ndege niliyokuwa naitengeneza, nikalia. Pole sana, baba.

Sasa nakujibu kama fundi. Injini moja ikizimika, nyingine inaifikisha ndege uwanja wa karibu. Zikizimika zote, bado haianguki: inateleza juu ya hewa, inashuka taratibu kwa mwendo mrefu, rubani akitafuta pa kutua. Mlango nao, ndege ikiwa juu, hewa ya ndani inaukandamiza kwenye fremu yake. Mlevi wa kinyozi aje na ukoo wake wote, hautafunguka. Mabawa yanapinda, hapo kasema kweli. Yametengenezwa yapinde; yangekuwa magumu yangevunjika. Na mkirushwarushwa usidhani mmeingia shimoni. Hewa haina mashimo, ina mawimbi tu.

Jambo moja si la kifundi. Miaka yote hii naijua kila boliti, lakini ndege ikianza kuinuka mimi huacha spana nikasimama kuitazama. Uzito wote ule, baba, na hewa inaubeba! Sijazoea, na sitaki kuzoea.

Tarehe mbili Aprili nitakuwa mlangoni nakungoja.

Mwanao

3 Aprili

Baba,

Shikamoo. Jana abiria walitoka wote, wakatoka marubani, nikabaki na mfagiaji. Simu yako imezimwa. Nimempigia kinyozi, anasema uko nyumbani unakunywa chai. Kuna nini?

Mwanao

11 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Usinikasirikie kabla hujasoma hadi chini.

Nilifika uwanjani, nikapiga moyo konde, nikapanga foleni. Kupitia kioo nikaiona ndege yetu. Vijana wawili wameifunua injini yake, wanamulika tochi ndani, mmoja anatikisa kichwa. Mwanangu, mimi nimekaa kwenye saa maisha yangu yote. Hakuna anayefungua saa iliyo nzima. Saa ikifunguliwa, ujue inaumwa. Nikabeba begi langu nikageuka, na kwenye basi nilijiona mwerevu kuliko abiria wote.

Je, nilikosea?

Baba yako

20 Aprili

Baba yangu,

Shikamoo. Ulikosea, tena sana, na nimekasirika hata baada ya kusoma hadi chini.

Ndege si saa. Hatungoji iumwe. Tunaifungua ikiwa nzima, tunaifunga, kesho tunaifungua tena. Mfagiaji akisema ameona tone la mafuta pasipotakiwa, ndege inasimama, watu mia mbili wanangojea tone moja, na hakuna bosi wa kumkaripia mfagiaji yule. Wale vijana walikuwa wanakulinda wewe. Ndege uliyoikimbia ilitua hapa salama, nikaikagua kwa mikono yangu, na kiti chako kilikuwa kitupu.

Ndege nitakutafutia nyingine. Macho sina pa kuyatafuta.

Mwanao

9 Julai

Mwanangu,

Marahaba. Samahani kwa kimya, na kwa mistari inayopanda mlima. Jicho la kushoto limekwisha. La kulia linaona kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo, na tundu lenyewe linazibwa. Barua yako nimeisoma neno moja moja, na kila neno nimelistahili.

Nikatie tiketi ya karibu kabisa. Wakiifungua injini mbele yangu nitawapigia makofi.

Baba yako

30 Agosti

Mwanangu,

Marahaba kabla hujaniamkia. Nyumbani nimefika salama. Mkono huu unaoandika ni wa kinyozi. Ukikuta chumvi, ni yake. Kuna mambo mawili sikukuambia nilipokuwa kwako.

La kwanza ni la safari ya kuja. Tulipopita juu ya mawingu, mama wa kiti cha jirani aliniambia nitazame chini. Nikaelekeza tundu langu dirishani, nikatafuta huku na huku, nikakuta rangi: nyekundu, njano, kijani, zimezunguka duara kamili juu ya weupe. Mama akasema katikati yake kuna kivuli cha ndege. Kumbe kivuli chetu! Sisi wenyewe, tumebebwa na hewa, tumevishwa pete. Nilisema "Mungu wangu!" kwa sauti na hakuna aliyenicheka. Hofu ilishuka palepale, sijui ilishukia kituo gani.

La pili ni wewe. Mlangoni niliona koti la njano tu. Uso sikuupata, na nilijua umejua. Ukanipeleka karakanani, ukachukua taa mnayokagulia injini, ukajimulika usoni mwenyewe. "Kagua, baba," ukasema. Nikasogea hadi pumzi zetu zikagongana. Nikapata nyusi za marehemu mama yako. Nikapata kidoa cheusi chini ya jicho, machozi yanakizunguka. Nikapata mwanya, shavu, kidevu. Kimoja kimoja, maana tundu halikutosha uso mzima. Ulidhani nilikaa kimya kwa sababu sikuona. Nilikuwa kazini.

Juzi asubuhi nilifungua dirisha, jua nikalisikia usoni, sikuliona. Basi, jicho la kulia nalo limekwisha. Nikaketi kwenye meza yangu ya saa, nikakuunganisha: nyusi, kidoa, mwanya, shavu, kidevu. Umekaa sawasawa, mwanangu. Hakuna kipande kilichobaki mezani.

Baba yako