Gari la Kijani

Shemeji yangu,

Dada yako anasema siku hizi unauza matairi. Mimi nimechoka, hata kalamu naiona nzito.

Miaka sita uliniweka wa kwanza kwenye foleni ya lile gari la spoti. "Tulia, shemeji, likija wewe ndiye bwana harusi." Kisha muuzaji mwingine akanipigia: analo, la kijani, kama nilivyolitamani. Nikalinunua kwake. Wewe nikakuambia daktari amenikataza kuendesha.

Lako lilifika wiki iliyofuata. Ulikataa kumuuzia mwingine, ukingoja nipone, hadi kampuni ikakunyang'anya uwakala.

Langu nililiendesha mara mbili tu, nikiogopa utaniona. Njoo unitukane nikiwa bado nasikia.

Mume wa dada yako