Kabla Jina la Odette Halijasomwa

Mwalimu Ramazani wangu,

Nakuandikia nikiwa kwenye benchi nje ya ofisi yako. Samahani, si yako tena, Mkurugenzi mpya ameshabadilisha kufuli. Saa nne walimu wanarudi humo kwenye kikao cha kupitisha wanafunzi, nami naandikia gotini. Mwandiko huu ungenirudishia niuandike upya.

Tangu tukuzike, shule yetu hapa Baraka imekuwa ya karatasi tu. Ile desturi yako ya kumtembelea kila mtoto kwao kabla ya kujaza buletini yake ya alama imefutwa. Inapoteza muda, alisema Mkurugenzi. Nisikufiche, nilikubali haraka. Jua kali, miguu inauma, na wewe hukuwepo kuniuliza, "Ulishafika kwabo? Kama haujafika, usiandike kitu."

Unakumbuka ulivyonipeleka Ubwari kwa mtoto mmoja tu, aliyeacha masomo katikati ya muhula? Nilitapika njia nzima ziwani, nawe ukacheka mpaka mwenye mtumbwi akakukemea. "Madame wa mujini!" ulinitania. Mtoto tulimkuta analea wadogo zake watatu, mama yao yuko Kazimia anauza samaki. Hukumgombeza. Ulikaa chini ukaanza kumuuliza masomo pale pale, huku yeye anakoroga uji. Nilikupenda kama baba siku ile.

Sasa sikia kosa langu. Darasa langu la tano lina msichana anaitwa Odette, wazazi wake ni wakimbizi kutoka Burundi, wakulima. Kwenye mtihani wa hesabu alirudisha karatasi nyeupe. Nikampa sifuri. Jana kikaoni Mkurugenzi alisoma jina lake, akanitazama: "Madame, uko na kitu ya kusema?" Nikanyamaza. Yeye ndiye anaandika ripoti yangu, na mimi bado sijathibitishwa kazini. Basi akaandika kwamba Odette arudie darasa, na hii ni mara ya pili.

Jioni baba yake alinisimamisha njiani. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniumiza. "Madame, kama ameanguka tena, kesho kutwa anaenda Lulimba kwa kaka yake. Atapikia bale banachimba zahabu." Hajatimiza hata miaka kumi na miwili, Mwalimu!

Leo asubuhi na mapema nimekwenda shambani kwao. Nimechelewa mwaka mzima, najua. Nimemkuta Odette ameshika kamba yenye mafundo, anampimia baba yake sehemu ya kupanda muhogo. Nikamuuliza hapo itaingia miti mingapi ya muhogo. Akatembea upande mmoja, akatembea wa pili, akanijibu. Nikahesabu kwa kalamu, nikarudia. Alikuwa sahihi, tena bila kalamu.

Nikamuuliza mbona kwenye mtihani hakuandika kitu. "Madame, hesabu najua. Ile maneno ya Kifaransa ya juu ndiyo sikujua inauliza nini."

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Nilimpima Kifaransa, nikaandika kwamba ni hesabu.

Nimekuja naye. Amekaa hapa pembeni yangu, anasugua udongo miguuni, hajui nimemleta kwa nini. Nitaomba aulizwe kwa mdomo, kwa Kiswahili, mbele ya walimu wote. Mkurugenzi anaweza kukataa, na ripoti yangu ikaharibika. Au Odette mwenyewe aogope, akae kimya mbele yao, na hilo ndilo linanitisha kuliko yote. Orodha ya waliopita inasainiwa leo. Uwanjani wazazi wameanza kufika na poda za kuwapaka kwa furaha watoto wao watakaopita. Baba yake nimemwona, amesimama mbali na wenzake, mikono mitupu.

Pumzika, Mwalimu wangu, Mungu akuweke pema. Nakuahidi, kuanzia muhula ujao siandiki alama ya mtoto yeyote kabla sijafika kwao, hata kama nitakwenda kwa kujificha.

Mlango umefunguliwa. Wanaita jina langu, na Odette amesimama kabla yangu. Nikitoka humo nimenyamaza tena, usinihesabu kuwa mwanafunzi wako.

Riziki