Mlio wa Lori Lako Pale Konani

Baba Zuhura,

Sijui salamu zinafikaje huko uliko, lakini zipokee. Mie bado nimo ndani kwenye eda yako, humuhumu Gongo la Mboto, na shangazi yako Bi Mwanahawa ananilinda mlangoni kama askari wa zamu. Ana roho nzuri, ila anakoroma, na ukimwambia anasema ni mie ninayeota.

Tangu ulipolala na presha yako usiamke, lori lilikaa uani. Baada ya arobaini mdogo wako Shabani akalichukua, maana kazi ya mchanga ipo na watu lazima tule. Jioni ya kwanza nikalisikia pale konani, linapopunguza mwendo kisha linashika kamlima ka kuja kwetu. Ngo! Mlio wako. Baba Zuhura, niliinuka. Nikachota maji ya kuoga nikapeleka bafuni, na taulo nikatundika. Ndipo nikasikia sauti ya Shabani inapiga hodi. Nikakaa chini palepale penye maji, nikalia mpaka Bi Mwanahawa akaja kuniinua.

Kesho yake nilijua fika ni Shabani, na bado moyo ukaruka. Ikawa hivyo kila magharibi. Bi Mwanahawa akasema ni shetani ananichezea, akanifukizia ubani hadi nikakohoa. Sikumbishia. Ningemwambiaje kwamba nilikuwa naungoja ule mlio? Kutwa nzima na tasbihi mkononi, nangoja chuma kigonge, ili uwe hai hata kwa kupepesa jicho.

Lakini masikio haya uliyafundisha mwenyewe. Si ulikuwaga unanipandisha kwenye usukani, magurudumu umeyawekea mawe, we umechuchumaa pembeni? Tia gia, achia klachi kidogo, kanyaga tena. Huku unachungulia propela, lile bomba refu linalopeleka nguvu ya injini nyuma. Majirani wakicheka, ati mke wa mtu kawa utingo. Nawe ukaniambia: "Ikigonga ukiondoka tu, inaomba grisi. Ikigonga hata ukiachia mafuta, hiyo inaaga."

Basi juzijuzi ikaanza kugonga mara mbili. Mara ya kwanza Shabani anaposhika kamlima, ya pili anapoachia mafuta kuingia uani. Nikajua ni krosi, kile kiungo cha propela, kimekwisha. Na yeye anashuka milima ya Pugu na mchanga hadi juu. Propela ikichomoka kule, tutamzika na yeye.

Nilitamani kunyamaza, mume wangu. Fundi akiondoa ule mlio, nitabakiwa na nini chako? Lakini Shabani ni mdogo wako, ulimlea mwenyewe.

Nikamwita nyuma ya pazia nikamweleza. Akanijibu kwa upole, masikini, kama anavyosemeshwa mgonjwa: "Shemeji, unamsikia braza. Hata mie namsikia." Hapo nikachemka. Nikamwambia, "Simsikii braza wako, nasikia krosi. Kesho hutoki."

Hakutoka. Fundi akaja, nami nikamtazama kwenye upenyo wa dirisha. Akaishika propela akaizungusha huku na huku, ikacheza mkononi kama jino bovu. Alitaka kitu cha kuiwekea alama kabla hajaifungua, ili irudi vilevile ilivyokaa, nikampelekea kwa mkono wa Bi Mwanahawa ile rangi yangu nyekundu ya kucha. Kwenye eda ya nini? Fundi akafuta tope, akakuta alama ipo, ya rangi hiyohiyo; kumbe uliwahi kuniibia. Akauliza nani aliiweka. Shabani akageuka akatazama ukuta, na mie nikaachia pazia. Krosi ilipotoka, vijisindano vyake vya ndani vilikuwa vimesagika, unga mwekundu wa kutu unamwagika chini. Shabani akainama akauchota kwa kidole.

Siku iliyofuata akaenda Pugu na krosi mpya. Magharibi nilikuwa nachambua mchele, sikusikia ile ngo, mara namwona keshafika uani, anacheka, ati lori linateleza tu. Nikamshukuru Mungu kwa uzima wake, wallahi nilishukuru.

Mwanetu Zuhura ndiye aliyerudi ndani kutoka mlangoni. Kumbe naye kila jioni alikuwa anakwenda kusimama pale kuungoja ule mlio, na mie na masikio yangu yote sikujua. Akanivuta kanga, akasema, "Mama, leo baba hajaja."

Nilimkumbatia. Mimi nilijua ni Shabani, mwanao hakujua. Alikuwa anadhani unafika kila siku, ila huingii ndani.

Lala salama, Baba Zuhura. Nimekuridhia, nawe niridhie. Nakuahidi hili: eda ikiisha, kabla sijaenda sokoni wala kwa mama yangu, nitamshika mkono Zuhura nimlete kaburini kwako. Nitamwonesha ulipo, asikusubiri tena mlangoni.

Mkeo,
Mama Zuhura