Makochi Themanini na Nane

Mpendwa mshauri,

Nafasi yangu ya chuo niliipoteza miaka tisa iliyopita, Ijumaa saa kumi jioni, dirisha la malipo lilipofungwa huku nimesimama mbele yake na barua ya kukubaliwa mkononi, na wiki hiyohiyo baba alikuwa amenunua pikapu mpya. Nilipomwomba ada alinijibu, "Nimekuzaa, nimekulisha, nimekufikisha kidato cha mwisho. Sheria gani inasema nikulipie na chuo?" Sheria yenyewe haipo, basi nikaenda kujifunza kutengeneza makochi kwa fundi mmoja mkali, na wenzangu wakaniita Profesa wa Sponji kwa kuwa kila mapumziko nilisoma nimekalia sponji za wateja. Baada ya miaka mitano nikarudi dirisha lilelile: ada ya muhula mmoja ni makochi kumi na moja, mihula minane, piga hesabu mwenyewe, na mwezi huu namaliza ukadiriaji majenzi, yaani hesabu za gharama za ujenzi, nikiwa wa kwanza darasani!

Sasa nisaidie, maana chuo chetu kina desturi ya kuchapisha kwenye kijitabu cha mahafali, chini ya jina la kila mhitimu, "Amesomeshwa na" fulani, na baba ameshashonesha suti, ananipigia kila asubuhi, "Injinia wangu, usisahau kuandika jina langu lote, na la ukoo!"

"Mimi si injinia, baba. Ni mkadiriaji."

"Yote ni moja, ilimradi baba ni mmoja."

Mama anasema nimstahi, mzazi hajibiwi. Ningemstahi, lakini mdogo wangu naye amepata nafasi hapohapo, malipo yanafungwa Ijumaa hii, na baba amemwambia, "Mbona dada yako alijisomesha? Nawe kachape kazi." Yaani dhuluma aliyonifanyia ameigeuza kuwa mfano mwema! Je, wazazi wenye uwezo walazimishwe na sheria? Na mimi niandike jina la nani? Orodha inafungwa Ijumaa hiyohiyo saa nne asubuhi, nijibu kabla ya hapo, bila kuzunguka.

Profesa wa Sponji

MSHAURI ANAJIBU

Profesa, hongera! Umechumia juani, na kuna mtu kashona suti ili alie kivulini.

Sheria? Ningeiunga mkono kesho kwa mzazi mwenye pikapu, si kwa mzazi anayeuza kuku wake wa mwisho. Lakini sheria haitatungwa kabla ya Ijumaa, na mdogo wako yuko dirishani sasa.

Pole kwa yaliyokupata, ila nakukemea pia. Kila asubuhi mnabishana habari za uinjinia, na barua yako yote haina hata siku moja uliyomuuliza kuhusu mdogo wako! Heshima si kunyamaza, mwanangu.

Nenda leo ofisini uandike, "Amesomeshwa na yeye mwenyewe." Huo ndio ukweli, wala usiuuze kwa ada ya mtu yeyote, hata ya mdogo wako. Suti baba asiitupe, itamfaa miaka minne ijayo. Akikupigia kesho, msalimie kwa adabu zote, kisha umwambie hivi:

"Baba, mstari wangu umeshajaa. Wa mdogo wangu bado uko wazi, na jina lako linaenea vizuri, pamoja na la ukoo. Utamlipia au humlipii? Nataka jibu la neno moja, Alhamisi, kabla ya saa kumi jioni."